Kutoka Kenol, Mto kwa Mto

Mwalimu alifika kwa fundi saa kumi na mbili kasoro, giza bado limeshikilia paa za maduka ya Kenol. Baiskeli yake ilikuwa imeshafungwa mzigo: blanketi kwenye keria, chupa mbili za maji, pampu, na kiondo kilichoning'inia kwenye usukani kikiwa na nduma zilizochemshwa usiku. Fundi akaipindua, akazungusha gurudumu la nyuma na kutega sikio. Spoku mbili zilikuwa zimelegea. Akazikaza, akabadilisha raba za breki, kisha akauliza safari ni ya wapi.

"Nyeri," Mwalimu akajibu. "Kwa njia ya juu."

Fundi akaweka spana chini, akamtazama mzee, akaitazama baiskeli, halafu akanitazama mimi.

Kila anayesafiri kwenda upande wa Mlima Kenya anaijua njia ya chini. Ni barabara kuu inayoondoka Kenol, ikapita Makutano, Sagana na Karatina hadi Marua, kilomita 84, ambayo mwaka 2020 ilianza kupanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia ya juu ni nyingine. Hiyo huiacha barabara kuu hapo hapo Kenol, hukata kushoto kwenda Maragua na mji wa Murang'a, hupanda hadi Kiria-ini, huvuka kuingia Kaunti ya Nyeri upande wa Othaya, kisha hushuka na kupanda mpaka Nyeri mjini. Matatu hupita huko siku nzima. Kwa baiskeli, siku hizi, wanaokwenda masafa yote hayo wanahesabika.

Mwalimu alikuwa na miaka 70. Amestaafu kufundisha shule ya msingi, na baiskeli yake ni ile nyeusi nzito ambayo Wakenya huiita black mamba: chuma kitupu, gia moja, breki za vyuma virefu badala ya waya. Aliinunua alipoajiriwa, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, akaipanda kwenda kazini zaidi ya miaka thelathini. Yangu ina gia 21 na ni nyepesi karibu mara mbili. Tulikubaliana kitu kimoja kabla ya kuondoka: penye mwinuko mkali yeye angeshuka na kusukuma, na mimi nisimsubiri kwa huruma bali kwa sababu nataka kusikia anachosema.

Mji wenyewe wa Kenol ulipewa jina na kituo cha mafuta. Kampuni ya Kenya Oil, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilijulikana kwa kifupi kama Kenol, na kituo chake kwenye njia panda ya kwenda Murang'a kikawa alama ya abiria: nishushe Kenol, nichukue Kenol. Maduka yakaota, kisha hoteli, kisha majengo ya ghorofa. Mwaka 2019 kampuni ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa na mabango yakabadilishwa nchi nzima. Mji haukubadilisha jina. Makanga bado wanaliita kwa sauti ile ile, na abiria waliozaliwa baada ya kituo hawana habari kwamba wanataja mafuta.

Mahali hapa ni mpakani, ingawa ramani ya leo haionyeshi. Simama kwenye njia panda, tazama mashariki: ardhi ni tambarare, joto limeanza, na upande wa Makuyu ndiko yalikokuwa mashamba makubwa ya walowezi, ya mkonge na kahawa. Geuka magharibi: ardhi inaanza kukunjamana, migongo baada ya migongo, hadi safu ya Nyandarua. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikowabana Wagikuyu katika eneo lililoitwa hifadhi ya wenyeji. Babu yake Mwalimu alikuwa akishuka kutoka migongo hiyo kuja kukata mkonge, na ili avuke mstari huo ilimbidi avae shingoni kipande, kile kitambulisho ndani ya kijaluba cha bati.

Mimi nimetoka upande mwingine kabisa wa maji haya. Nimezaliwa Kipini, mahali Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi. Utotoni, mvua za masika zilipokolea, mto ulikuja mwekundu kama uji wa wimbi uliotiwa udongo, ukaipaka bahari rangi hiyo hadi mbali. Tukiwauliza wazee ule wekundu umetoka wapi, walionyesha kwa kidevu: bara. Miaka yote hiyo bara ilikuwa neno tu. Nilipokutana na Mwalimu na akaniambia kwamba kutoka Kenol hadi Nyeri kwa njia ya juu kila mto utakaovuka ni mtoto wa Tana, nilijua safari yangu ni ipi.

Kilomita za kwanza ni za hisani. Barabara ya Murang'a huandamana na reli ya zamani, na vituo vya reli ndivyo vilivyozaa miji: Makuyu, Saba Saba, Maragua. Reli ilifika Thika mwaka 1913 na ikachukua hadi 1930 kufika Nanyuki. Mjenzi wa reli hapendi kilima, kwa hiyo ukikaa karibu naye unapata mteremko wa wastani. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumepita Saba Saba, jua likiwa begani, wanafunzi wakitupungia mikono, akina mama wakipanga ndizi na maparachichi kando ya lami.

Kisha ukafika Mto Maragua.

Jiografia ya Murang'a ni rahisi kueleza na ngumu kuvuka. Mito huzaliwa juu kwenye msitu wa Nyandarua na kuteremka kuelekea mashariki, sambamba, kama vidole vya mkono uliotandazwa. Kati ya kidole na kidole kuna mgongo. Wagikuyu huita mgongo huo rũgongo, na zamani ukoo mmoja ulikaa mgongo mmoja, mto ukiwa mpaka kati yake na jirani. Barabara inayofuata mgongo kwenda juu au chini ni ya upole. Barabara inayokata migongo, kama yetu, haina upole: inaporomoka hadi darajani, inavuka maji kwa sekunde chache, halafu inakudai urefu wote ule uliokuwa umeupoteza. Ndani ya gari unasikia mabadiliko ya gia tu. Kwenye baiskeli unajua kwa mapaja yako kwamba umetoka kwa akina fulani na kuingia kwa akina fulani.

Kupanda kutoka Maragua, Mwalimu alishuka mapema. Anasukuma kwa namna ya mtu aliyesukuma maisha yake yote: mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye kiti, mwili umeinama kidogo, hatua fupi zisizobadilika. Nilijaribu kubaki juu ya baiskeli kwa gia ya chini kabisa, na kasi yetu ikawa moja. Hapo ndipo aliponifundisha kuangalia matuta.

Kila shamba la mteremko lilikuwa limekatwa ngazi. Juu ya ngazi mibuni, chini yake mahindi, ukingoni majani ya kulishia ng'ombe. Wakulima huita ngazi hizo "fanya juu": unachimba mtaro kufuata mkunjo wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, na mvua inayobeba udongo kutoka juu zaidi inazuiwa na tuta hilo hadi, baada ya miaka, shamba lililokuwa limelala mshazari linakaa karibu usawa. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote. Wataalamu wa nchi za mbali huandika "fanya juu" bila kulitafsiri.

"Lakini hapa matuta yalianza kwa kiboko," Mwalimu alisema.

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni iliamuru matuta yachimbwe wilayani Fort Hall, jina la Murang'a wakati huo, kwa kazi ya lazima. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi, na jembe likawaangukia wanawake. Mwaka 1947 mkutano mkubwa uliamua wanawake wasitoke tena kwenda kuchimba. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana na kukataa, wengine wakakamatwa. Hawakuwa wakipinga udongo kutunzwa, walikuwa wakipinga kutumikishwa juu ya ardhi iliyofinywa ilhali ng'ambo ya mpaka ule wa Makuyu eneo kubwa lilikuwa mikononi mwa wachache. Mama yake Mwalimu alikuwa msichana mwaka huo. Baada ya uhuru alichimba matuta yake mwenyewe, kwa hiari, na mwanawe ameyatunza hadi leo.

Nilisimama nikashika udongo. Ni mwekundu, laini, unanata kidoleni. Ndio ule ule.

Mji wa Murang'a umekaa juu ya kilima, na kuuingia kwa baiskeli ni kupanda. Waingereza walijenga ngome hapa mwaka 1900, na jina la Fort Hall lilitokana na ofisa Francis Hall aliyefia hapo mwaka uliofuata. Tulikunywa chai ya maziwa kwenye hoteli karibu na soko, kisha Mwalimu akanipeleka mahali ambapo, alisema, mtu wa pwani anayezungumza Kiswahili hapaswi kupapita: kanisa kuu la Mtakatifu James. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ukutani kuna michoro mikubwa mitano ya Elimo Njau, Mtanzania mzaliwa wa Marangu, ambaye baadaye alianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi. Michoro hiyo aliikamilisha mwaka 1959. Kristo wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni hii hii tuliyotoka kuipanda, migongo ya kijani na bonde baada ya bonde. Nchi ilikuwa bado chini ya hali ya hatari alipokuwa akichora. Mwalimu alivua kofia, akakaa benchi la nyuma, na kwa robo saa hakusema neno.

Baada ya Murang'a unateremka na kuvuka Mathioya, na hapo njia inaanza kupanda kwa dhati. Mchana wote ulikuwa wa mpando mmoja mrefu wenye mapumziko mafupi. Joto la Kenol lilibaki nyuma. Kahawa ilianza kupungua na majani chai yakajitokeza, kwanza viraka viraka, halafu vilima vizima kama vimenyolewa kwa mkasi. Mpaka huu wa mimea ni wa kweli kuliko wa kaunti: chini kahawa, juu chai, na mwinuko ndio unaoamua. Yote mawili ni mazao mapya mikononi mwa wakulima wadogo. Hadi miaka ya hamsini Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa karibu kote nchini, na ni mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliofungua mlango kwa wingi. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo, Ragati, karibu na Karatina, kilianza mwaka 1957.

Mwalimu alizaliwa katika mwaka huo wa mpango, 1954, ndani ya kijiji cha hali ya hatari. Familia zilizokuwa zimetawanyika mgongo mzima, kila moja kwenye shamba lake, zilihamishwa kwa nguvu na kujazwa katika vijiji vilivyozungushiwa mtaro na miti iliyochongoka, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula. Zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu na majirani zao waliishi hivyo. Wagikuyu wenyewe hawakuwa na desturi ya kukaa hivyo. Alinionyesha pahali. Sasa ni shamba la chai na uwanja wa shule. Hakuna kibao.

Tulilala Kiria-ini, miguu yangu ikitetemeka kama ya ndama. Mwenye nyumba ya wageni alitupa mukimo na maharagwe. Alipomwona Mwalimu akiingiza baiskeli chumbani alimwambia, "Guka", yaani babu, "hapa hakuna wezi." Mwalimu akamjibu kwamba si hofu ya wezi, ni umande: mnyororo ukilala nje huku juu unaamka na kutu.

Siku ya pili ilianza kwa ukungu. Kuvuka kutoka Murang'a kuingia Nyeri hakuna shangwe, kibao tu, na lami iliyobadilika rangi kidogo. Waendesha bodaboda waliokuwa wamejikunyata ndani ya majaketi walituuliza kama tumefungua mashindano. Bodaboda! Neno lenyewe ni la baiskeli na la mpaka. Lilizaliwa Busia, miaka ya sitini, vijana walipokuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli katikati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Kutoka huko likaenea Afrika Mashariki yote. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru kwenye pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache baiskeli za abiria zikapungua mno barabarani. Jina likahamia kwenye injini. Vijana wale hawajawahi kuona bodaboda ya pedali, na Mwalimu, aliyewahi kuwabebea baba zao madaftari kwa baiskeli hii hii, aliwaeleza taratibu mpaka mmoja akaomba aijaribu. Akazunguka mara moja, akarudi akihema, akasema ni nzito.

Othaya inajulikana kwa Mwai Kibaki, aliyezaliwa Gatuyaini mwaka 1931, akawa rais wa tatu, na akazikwa hapa Aprili 2022. Inastahili kujulikana pia kwa kilima cha Karima, msitu mdogo juu ya mashamba, mahali pa ibada za kale, ambao wenyeji wameutetea usimezwe. Tulikula nduma za mwisho tukiutazama. Kisha tukaanza kushuka kwenda Gura.

Nimeteremka vilima vingi kwa baiskeli tangu siku ile, na sijaona unaofanana na huu. Lami inazama kona baada ya kona, sauti ya maji inakufikia kabla hujayaona, na breki zinapata moto. Nilisimama mara mbili kupoza rimu. Mwalimu, mwenye breki za vyuma ambazo fundi wa Kenol alizitia raba mpya, alishuka kwa miguu sehemu ya mwisho, akisema kwamba mtu wa umri wake haachii gia moja mteremko wa Gura. Wenyeji hujivunia mto huu kuwa ndio wenye kasi kuliko yote Afrika. Sikwenda na kipimo. Niliyoyaona ni maji meupe yakipiga mawe makubwa kama nyumba, baridi kiasi kwamba vidole vinauma, na safi. Ilikuwa Januari, kiangazi, na mtu wa Kipini alikuwa anaona kwa mara ya kwanza Tana isiyo na udongo.

"Rudi Aprili," Mwalimu alisema. "Utaona inavyobadilika."

Aprili mvua hupiga miteremko isiyo na matuta, na udongo hushuka. Sehemu kubwa haifiki Kipini siku hizi. Hutua nyuma ya mabwawa, hasa Masinga, lililokamilika mwaka 1981 na kuanza kujaa matope haraka kuliko wahandisi walivyotarajia. Ni hasara maradufu: mkulima wa juu amepoteza shamba, na nchi imepoteza nafasi ya maji ya umeme. Ndiyo sababu mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambamo watumiaji wa chini husaidia kugharimia matuta, majani na miti ya wakulima wa juu. Kilichowahi kuamriwa kwa kiboko mwaka 1947 sasa kinaombwa kwa msaada wa miche. Naona hiyo ndiyo njia sahihi, na naona ilichelewa.

Kupanda kutoka Gura kulituchukua saa nzima na zaidi. Katikati ya mpando kijana mmoja alitupita akishuka, mitungi miwili ya maziwa imefungwa kwenye keria ya baiskeli, mguu mmoja ukikwaruza lami kusaidia breki. Alikuwa wa kwanza na wa mwisho tuliyemwona siku hiyo akifanya kazi kwa baiskeli.

Nyeri mjini nitapapita haraka, kwa kuwa wengi wamepaandika: kaburi la Baden-Powell, aliyefariki hapa Januari 1941, msitu wa Tetu alikokamatwa Dedan Kimathi tarehe 21 Oktoba 1956, kanisa la Mathari walikozikwa wanajeshi wa Italia. Kitu kimoja tu kilinigusa kama msafiri wa mito. Kijiji cha Ihithe kiko Tetu, na huko ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, anaeleza kijito cha utotoni kilichochipuka karibu na mugumo mkubwa, ambako alicheza na mayai ya vyura, na jinsi aliporudi kutoka masomoni Marekani alivyokuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la mwaka 1977 na tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 vina mizizi katika chemchemi ndogo kama hizi. Mwalimu alipomtaja alisema tu "mama yetu", kisha akainua macho kuelekea Mlima Kenya, mita 5,199, ambao ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu saa nne.

Siku ya tatu tulirudi kwa njia ya chini.

Kutoka Marua hadi Sagana ni karibu kilomita 36, na ardhi inaporomoka zaidi ya mita mia tano. Baiskeli inakwenda yenyewe. Karatina tulisimama sokoni, moja ya masoko makubwa ya wazi nchini, tukanunua ndizi, tukauvuka Mto Ragati na kuendelea. Barabara hii ni kipande cha njia ndefu inayopanda hadi Moyale na Ethiopia, na tangu mwaka 2003 waendesha baiskeli wa Tour d'Afrique, wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, wamekuwa wakishuka kutoka Nanyuki kuelekea Nairobi. Mwalimu aliwahi kuwapa chai baadhi yao. Walimuuliza kwa nini barabara imejaa watu wanaotembea na hakuna wanaoendesha.

Jibu tulilipata mbele kidogo ya Karatina. Mijini zipo njia za pembeni, na humo tulikwenda kwa amani. Mji ukiisha, njia ya pembeni inaisha nao, na unabaki kwenye ukingo wa lami pamoja na magari yanayokwenda kasi ya barabara mpya. Lori moja lilitupita karibu mno. Upepo wake ulimyumbisha Mwalimu, gurudumu la mbele likatoka kwenye lami, akaanguka kwenye changarawe. Aliumia kiwiko na goti. Dereva hakusimama. Wanaume wawili waliokuwa wakichoma mahindi walikuja mbio na maji, wakamkalisha kivulini, na mmoja wao akanyoosha kwa mikono mitupu chuma cha breki kilichopinda.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na walio wengi ni wale wasio ndani ya gari: waendao kwa miguu, wapanda pikipiki, wapanda baiskeli. Barabara hii mpya imepunguza hatari ya magari kugongana uso kwa uso, ambayo kwa miaka mingi iliua mno kati ya Makutano na Sagana. Hilo ni jambo kubwa na nalishukuru. Lakini mtoto wa shule wa Kibirigwi mwenye baiskeli bado hana pahali pake, na mkulima mwenye mitungi miwili ya maziwa hana pia.

Mwalimu alikataa kupanda matatu. Alifunga leso kwenye kiwiko, tukashuka polepole hadi daraja la Sagana, mpaka wa Kirinyaga na Murang'a. Hapo mito yote ya juu tuliyoivuka siku mbili imekutana au inakaribia kukutana: Gura na Chania ya Nyeri zimeshaingia, Ragati pia, na Mathioya na Maragua zinafuata mbele kidogo. Mto bado unaitwa Sagana. Chini zaidi utaitwa Tana, utapita Masinga na mabwawa yanayofuatana nalo, Garissa, Hola, Garsen, na utafika kwetu baada ya kilomita zinazokaribia elfu moja. Nilimwambia Mwalimu kwamba nikipiga simu nyumbani leo hawataamini nilipo. Akaniambia nipige. Mama yangu alipokea, nikamweleza kwamba nimesimama juu ya maji yetu. Akauliza kama huku ni safi. Nikamwambia ndiyo, mama, huku ni safi.

Kilomita 48 za mwisho kutoka Sagana hadi Kenol zinapanda tena, polepole, katikati ya miembe ya Kambiti. Tulifika jua likizama. Fundi alikuwa akifunga kibanda. Aliiona damu iliyokauka, hakuuliza, akapindua baiskeli na kuzungusha gurudumu la nyuma. Spoku zote zilikuwa zimekaza.

Ukitaka kuifuata njia ya juu, nenda Januari au Februari, anza Kenol alfajiri, beba raba za breki za akiba, na lala Kiria-ini. Na ninyi mnaochora barabara za Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, mchoreeni Mwalimu mita moja na nusu ya lami yake, kutoka mji hadi mji, si mjini tu. Goti lake limepona. Mwezi ujao anataka kwenda Nanyuki.